Jethro arap Tull

Mkulima wa kwanza alitaka kilo kumi. Alifika duka halijafagiliwa, gambuti zake bado zina tope la boma, akaegemea kaunta na kusema kwa sauti ya mtu asiyetaka jirani apate habari: "Daktari, ile mpya uliyobandika mlangoni. Nipimie kilo kumi kabla watu hawajaamka."

Huku kwetu Kaplong mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo huitwa daktari, awe amesomea au amerithi duka tu, na jina hilo nimelizoea. Kuulizwa bei ya Jethro Tull ndiko sikuwa nimekuzoea. Tangazo lenyewe lilichapwa na kijana wa saiba iliyo karibu na stendi ya matatu za Bomet. Nilimwambia aandike kwamba mwanamuziki mkongwe wa Uingereza atatumbuiza Ujerumani, na kwamba sisi tutamtazama moja kwa moja kwa simu. Kijana akaona maneno ni mengi na wino ni ghali, akabakiza JETHRO TULL. YAJA HIVI KARIBUNI. Chini akaweka picha ya mzee aliyesimama kwa mguu mmoja akipuliza filimbi. Nafasi iliyokuwapo mlangoni ilikuwa kati ya bango la mahindi ya H614 na bango la dawa ya kupe, na hapo ndipo tangazo lilipokaa.

"Inakomaa kwa miezi mingapi?" mkulima akauliza. "Na itavumilia baridi ya huku?"

Nikamweleza kwamba Jethro Tull si mbegu, ni bendi. Akafikiri kidogo. "Bendi ya kampuni gani ya mbegu?"

Ajabu ni kwamba hakuwa amepotea sana. Jethro Tull wa kwanza alikuwa mkulima wa Uingereza, aliyezaliwa 1674 na kufariki 1741. Mwaka 1701 alitengeneza mashine ya kuvutwa na farasi iliyodondosha mbegu kwa mistari, wakati wenzake walikuwa wakizirusha kwa mkono na kuwaachia Mungu na kunguru wagawane. Wazo la kile kifaa cha kudondosha mbegu alilitoa kwenye kinanda cha kanisani, kwa kutazama jinsi vidude vya ndani vinavyofungua na kufunga njia ya upepo. Kwa hiyo kilimo ndicho kilichotangulia kukopa kwa muziki. Mwishoni mwa 1967 muziki ukaja kudai chake. Vijana fulani kutoka Blackpool, waliokuwa wakihangaika kutafuta kazi katika vilabu vya London, walikuwa na desturi ya kubadilisha jina kila mara, maana klabu ikishawasikia haikutaka kuwaona tena, na njia ya kurudi ilikuwa kurudi wakiwa watu wengine. Mtu mmoja wa ofisi iliyowatafutia kazi, aliyekuwa amesoma historia, akawabatiza Jethro Tull. Bahati ikawa kwamba walikuwa na jina hilo klabu ya Marquee ilipowapenda, na ikabidi wabaki nalo. Sahani yao ya kwanza ilipotoka 1968, ilikuwa imechapwa "Jethro Toe". Kijana wetu wa saiba angalau alipata herufi zote.

Mkulima alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu. Kisha akauliza, "Sasa hiyo mashine unayo?"

Kufikia saa sita mchana habari ilikuwa imevuka barabara na kubadilika. Jethro si jina geni kwetu. Ni mkwe wa Musa, na wazee wetu waliobatizwa walilipekua Agano la Kale lote wakitafuta majina. Na mahali palipo na arap Tuwei, arap Too na arap Tonui, arap Tull anaingia bila kupigwa hodi. Mama wa hoteli ya jirani aliniuliza Jethro arap Tull huyu ni wa oret gani, yaani ukoo gani, na kwa nini alikaa Ujerumani miaka yote hiyo bila kuja hata kwa matanga. Mzee mmoja alisema alichunga mbuzi na baba yake. Nilijaribu kukanusha, lakini mzee alikuwa na majina ya mbuzi.

Mtu mwenyewe wa pichani, kiongozi wa bendi, anaitwa Ian Anderson. Alizaliwa Dunfermline, Uskoti, mwaka 1947, na hivyo anakaribia miaka 80 akiwa bado anapanda jukwaani. Ujanani alipiga gitaa, akamsikia Eric Clapton, akaona hapo hana kazi. Akalitoa gitaa lake na kurudi na filimbi. Kwa filimbi hiyo amezunguka dunia tangu 1968. Kati ya ziara moja na nyingine alifuga samaki aina ya samoni huko Uskoti, kwa biashara kubwa ya kweli, na hilo ndilo lililomsafishia jina nyumbani kwangu. Mke wangu hana imani na mwanamume anayeishi kwa filimbi peke yake.

"Samaki wangapi?" aliuliza.

Nikamwambia ni wengi, wa kupelekwa sokoni kwa malori.

"Basi huyo ni mtu," akasema. "Filimbi ni ya jioni."

Muziki wake huitwa roki ya progresivu, na lazima nieleze, kwa sababu huku kwetu mtu akisema muziki wa Wazungu anamaanisha Jim Reeves, Don Williams na Kenny Rogers. Dakika tatu: mpenzi ameondoka, treni imepita, mama anasubiri nyumbani, kwisha. Roki ya progresivu haina haraka hiyo. Mwaka 1972 bendi ya Yes ilitoa wimbo, "Close to the Edge", uliojaza upande mzima wa sahani. Mwaka huohuo Jethro Tull wakatoa "Thick as a Brick", ambao ni wimbo mmoja, sahani nzima, karibu dakika 44, na katikati unainuka kuigeuza. Mapigo yake hubadilika njiani, hivi kwamba mtu aliyekwisha kuinua mguu wa kucheza hajui aushushe lini. Nadhani ndiyo sababu Anderson mwenyewe amebaki na mmoja hewani.

Wapigaji wenyewe nao huchoka. Mwaka 1973, Yes wakiwa Manchester wanapiga sahani yao moja ndefu sana, mpiga kinanda wao Rick Wakeman aliletewa mchuzi wa kari jukwaani akaula katikati ya onyesho. Wenye muziki wao hulisimulia jambo hili kama kashfa. Shangazi yangu alipolisikia alishangaa kwamba ni mmoja tu aliyepewa chakula.

Niliupata ugonjwa huu wa muziki mrefu miaka ya 1980, msimamizi wa shamba moja la chai upande wa Kericho alipokuwa akirudi kwao na kuuza vyombo vyake. Watu walienda kwa ajili ya friji na viti. Mimi nikatoka na katoni ya kanda za kaseti, pamoja na jalada la santuri ya "Thick as a Brick" bila santuri yenyewe. Jalada hilo limetengenezwa kwa umbo la gazeti la kijijini, kurasa 12, lenye habari, matangazo na michezo, vyote vya kubuni. Humo inaelezwa kwamba maneno ya wimbo ni shairi la mtoto wa miaka minane aitwaye Gerald Bostock. Mtoto huyo hakuwahi kuwako. Bendi ilimtunga kwa mzaha.

Mzaha huo ulipofika Kaplong ulifanya kazi ambayo waliouanzisha hawakuitarajia. Jirani yangu, wakati huo mwalimu wa shule ya msingi, aliazima jalada, akalisoma kwa makini, akalibeba hadi darasani. Kwa miaka mingi watoto wa eneo hili walioandika insha fupi walionyeshwa picha ya Gerald na kuulizwa haya wanaiuzia wapi. Kuna watu wazima leo, wengine wana wajukuu, wanaomchukia Gerald Bostock kuliko mtu yeyote aliye hai. Nilipomwambia Mwalimu kwamba mtoto huyo hakuzaliwa, alisema hilo si udhuru. "Tena ndiyo aibu yenyewe," akasema. "Hata asiyezaliwa amewashinda."

Kanda yenyewe niliiweka kwenye redio siku mke wangu alipokuwa akijitwisha kikapu kupeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai. Alishuka, akapanga foleni, karani akayamwaga majani mezani na kutoa yaliyokomaa, akapima, akampa risiti, wakabishana kidogo juu ya nusu kilo, akapanda kilima. Alipofungua mlango Anderson alikuwa bado anapuliza.

"Ni ule ule?"

"Ni ule ule."

Akatua kikapu. "Huyo mtu ana shida gani ambayo haisemeki kwa kifupi?"

Miaka ilivyokwenda, redio ilianza kuitafuna kanda. Kila aliyekuwako enzi hizo anaijua ile sauti: mwimbaji anazama, anasema kwa besi, kisha kimya, na unapofungua kijumba cha redio unakuta utepe umejizungushia gurudumu la mpira. Unautoa taratibu kwa ncha ya wembe, unaunyoosha kwa kucha, unachomeka penseli kwenye tundu la kaseti na kuuzungusha urudi ndani, na kila ukiurudisha unaingia na mikunjo mipya, mpaka filimbi ya Anderson ikaanza kusikika kwa nyuma. Siku moja nilirudi kutoka dukani nikakuta kaseti ni tupu. Utepe wote ulikuwa umetandazwa juu ya shamba la wimbi, kutoka kigingi hadi kigingi, unang'aa juani na kunguruma kwa upepo, na ndege hakuna hata mmoja.

"Sasa umepata kazi," alisema mke wangu.

Ulinguruma msimu mzima. Sikuwahi kupata mavuno ya wimbi ya namna ile, na sikuwahi tena kumsikia mtu nyumbani kwangu akilalamika kwamba Jethro Tull ni mrefu mno. Tulikuwa tunatamani angekuwa mrefu zaidi, afike hadi kwenye mtama.

Haya yote ni ya zamani. Ya sasa yalianzishwa na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyeko Ujerumani akisomea uuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kijana huyu alikulia chini ya utepe ule. Alikuwa akipita mtaani baada ya kazi akaona bango la Jethro Tull ukutani, akanunua tiketi, akanitumia ujumbe: "Mjomba, yule mtu wako wa wimbi anakuja hapa. Nitakupigia simu ya video nikiwa ndani, uone mwenyewe."

Jambo lingeishia hapo kama ningeusomea ujumbe chooni. Niliusomea hotelini, kwa sauti, kati ya chai na chapati, na kabla chai haijapoa kulikuwa na kamati. Mkenya hawezi kuliona jambo linakuja peke yake barabarani akaliacha lipite bila mwenyekiti. Mwalimu, ambaye amestaafu na anatafuta watu wa kuwaongoza, akawa mwenyekiti. Mama wa hoteli akawa mwekahazina, kwa kuwa runinga ni yake. Shangazi yangu akawa mlezi, cheo ambacho hakina kazi lakini kinakaa kiti cha mbele. Ukapitishwa mchango wa shilingi mia mbili kwa kila mtu, wa bando, soda na jenereta. Mtu mmoja akauliza kama mgeni wa heshima ameshapatikana. Nikasema mgeni wa heshima ni Ian Anderson. Wakanitazama. Mgeni wa heshima, walinifafanulia, ni mtu anayekuja na bahasha.

Shida ya kwanza ikawa saa. Mpwa aliandika kwamba onyesho litaanza saa 20:00 za huko. Kijana wa saiba, katika toleo la pili la tangazo, akaandika "saa 8". Nusu ya Kaplong ikaelewa saa nane mchana, ikaanza kulalamika kwamba ni wakati wa kukama. Mwalimu akaingilia kati, akachora mstari ardhini kwa fimbo, akaonyesha Ujerumani, akaonyesha Kaplong, akaonyesha jua, na akathibitisha kwamba saa mbili usiku yao ni saa tatu usiku yetu, maana huko ni majira ya joto. Wote wakakubali. Kisha mzee mmoja akauliza kwa nini watu wenye saa nzuri kiasi hicho wakubali kuchelewa nyuma yetu.

Shida ya pili ikawa afya ya mpigaji. Mwaka 2020 Anderson alitangaza mwenyewe kwamba ana ugonjwa sugu wa mapafu, na akalaumu ule moshi wa mashine unaomwagwa jukwaani ili taa zionekane, ambao ameuvuta kwa zaidi ya nusu karne. Mtu wa kupuliza filimbi, ugonjwa wa mapafu. Nilimsimulia shangazi kwa uchungu, maana ndiyo sababu mimi nasema onyesho hili si la kukosa. Shangazi amepika kwa kuni tangu alipoweza kuinua sufuria, na asubuhi kikohozi chake hufika dukani kabla yake. Alitikisa kichwa.

"Jukwaani wanapika nini?" akauliza.

"Hawapiki, shangazi. Ni moshi wa urembo."

Alikaa kimya muda mrefu. Katika maisha yake ameona Wazungu wakifanya mengi, lakini hili la kuwasha moshi bila chakula lilimshinda. Akaagiza mpwa ampelekee mzee huyo mursik, akiamini kwamba maziwa yenye mkaa wa senetwet hunyoosha kifua. Mpwa akajibu kwamba forodha hawatakubali. Kikao kikaandika forodha katika kumbukumbu.

Kisha akaja mzee wa Kapkatet. Kapkatet ni hapo juu tu, ukishika barabara ya Litein na Kericho, na huyu alikuwa amekuja dukani kutafuta dawa ya minyoo ya ng'ombe. Akasimama mbele ya tangazo kwa muda, akalikaribia, akarudi nyuma hatua moja.

"Huyu namjua," akasema. "Huyu ni Chemirocha."

Asiyetoka huku anahitaji maelezo. Katika enzi za ukoloni, gramafoni zilipofika kwa Wakipsigis, zilikuja na sahani za Jimmie Rodgers, Mmarekani wa Mississippi aliyekuwa mshika breki wa treni kabla ya kuwa mwimbaji. Gitaa lake na ile sauti yake ya kupanda na kuvunjika viliwashika watu, jina lake likapita katika vinywa vya huku likatoka Chemirocha. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwona, ikasemwa kwamba hawezi kuwa mtu mzima. Ni nusu mtu, nusu swara. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alifika Kapkatet akazinasa nyimbo tatu zenye jina hilo. Inayojulikana zaidi duniani ni ya wasichana, wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, sauti nyepesi juu ya kinubi cha chepkong, wakimwita Chemirocha aje acheze kwa kuruka mpaka nguo zimvuke. Jimmie Rodgers alikuwa amekufa kwa kifua kikuu mwaka 1933, akiwa na miaka 35. Wasichana wa Kapkatet walikuwa wanamngojea jukwaani marehemu wa miaka 17.

Ilipita zaidi ya miaka 60 ndipo rekodi zile zikarudishwa Kapkatet kutoka Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954. Mzee wetu anasema alikuwapo siku ya Tracey. Alikuwa mgongoni mwa mama yake, hajaota meno, kwa hiyo anakumbuka kila kitu.

"Mzee," nilimwambia, "huyu ni Ian Anderson, wa Uskoti. Chemirocha alikuwa na gitaa. Huyu ana filimbi."

"Alikuwa na gitaa alipokuwa kijana," akajibu, na kwa hilo sikuwa na la kusema, kwa sababu ni kweli. "Na huo mguu mwingine ameukunja kwa nini?"

"Ni mtindo wake wa kucheza."

"Anaficha kwato," akasema mzee wa Kapkatet, akalipia dawa ya minyoo, akaenda zake.

Basi. Kama nilikuwa na matumaini ya kuendesha jambo hili kwa utaratibu, yalikwenda na huyo mzee kwenye bodaboda. Kesho yake watu waliokuja dukani hawakuuliza tena mbegu. Waliinama kuikagua picha chini ya goti. Mjadala hotelini ukawa endapo kamera ya mpwa itaweza kuteremka hadi miguuni. Mashabiki wa Don Williams, waliokuwa wameapa kutokutoa hata senti, wakalipa mchango papo hapo.

Ikaamuliwa tufanye jaribio la mitambo. Kijana mmoja alileta projekta ya kuazima, shuka la kitanda likatundikwa ukutani hotelini, simu yangu ikaunganishwa kwa nyaya nne ambazo kila moja ilihitaji mtu wa kuishikilia. Ilipofika jioni, mawingu yakashuka kutoka upande wa Kericho na mvua ya mawe ikaanza. Asiyewahi kukaa chini ya bati mvua ya mawe ikinyesha katika nchi ya chai hajui maana ya roki. Watu walipiga kelele bila kusikika, kila mwenye shamba akihesabu moyoni majani yanayochanika huko nje na bonasi inayokwenda nayo. Katikati ya mngurumo huo mpwa akapokea simu, na shukani pakatokea uso.

Haukuwa wake. Alikuwa zamu ya jioni, na simu alikuwa ameiegemeza mezani akimkunja mtu blanketi, kwa hiyo tuliyemwona ni bibi mmoja wa Kijerumani, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, akitutazama sisi watu wa Kaplong tukiwa watu wengi gizani. Akapunga mkono. Shangazi akasimama, akapunga. Bibi akapunga tena. Kamati nzima ikapunga. Mzee wa mbuzi akauliza kama huyo ndiye mama yake Jethro, na akaambiwa na aliyeketi karibu naye kwamba ndiye, na akapiga makofi. Shangazi akamwuliza bibi habari za kifua kwa Kikipsigis, bibi akajibu kwa Kijerumani, na kwa namna walivyoendelea ungesema ni watu waliokuwa na mazungumzo ya kumaliza. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwakata. Bando lilikwisha wakiwa bado wanapungiana. Dakika moja baadaye stima ikapotea, na tukaachwa na mvua.

Katika kikao kilichofuata mwekahazina alitaka kujua kwa nini bando la onyesho lililiwa na salamu. Shangazi akasema hajaona salamu yenye thamani ndogo. Likapita.

Wiki hii ndipo ukaja ujumbe uliovunja kila kitu, au ungevunja kama tungekuwa watu wengine. Mpwa amesoma masharti ya tiketi. Anderson hapendi simu katika maonyesho yake: watazamaji huombwa wasipige picha wala kunasa video mpaka wimbo wa mwisho kabisa, ule wa nyongeza. Hapo ndipo simu huruhusiwa kutoka mfukoni. Kwa hiyo katika onyesho zima, Kaplong itapata wimbo mmoja.

Nilitarajia vilio. Mwalimu akauliza, "Wimbo huo wa mwisho ni upi?" Nikasema kwa kawaida ni "Locomotive Breath", wa 1971, na unahusu treni iliyoshika kasi isiyoweza kusimamishwa. Mashabiki wa Don Williams wakachangamka, treni wanaijua. Mzee wa Kapkatet, ambaye siku hizi hakosi kikao, akagonga fimbo yake sakafuni.

"Haisimami kwa sababu mshika breki ni yeye," akasema, "na yeye yuko jukwaani."

Kamati ikaona mantiki. Ikaona pia kwamba wimbo mmoja unaacha nafasi kubwa katika usiku, na nafasi katika usiku wa umma haiachwi wazi. Ratiba imebandikwa mlangoni pangu leo asubuhi, imefunika H614 yote. Itaanza kwa maombi. Kisha kwaya, nyimbo mbili. Hotuba ya mwenyekiti, ambayo najua tayari inamhusu Gerald Bostock. Ripoti ya mwekahazina. Nyimbo za marehemu Kipchamba arap Tapotuk, zitakazopigwa na vijana wenye gitaa moja lenye nyaya tano. Don Williams kwa wanaompenda. Diwani amethibitisha kufika, na ameomba kipaza sauti mapema kwa kuwa ana matanga mengine. Shangazi atatoa neno kuhusu moshi. Mzee wa Kapkatet ataeleza Chemirocha ni nani, kisha watu watacheza ule mruko, wazee wakishauriwa kufunga mishipi. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo kijana wa saiba anasema zilikuwa za mwisho katika wino wake: "Wimbo kutoka Ujerumani, kama muda utaruhusu."

Mimi nimewekwa kwenye viti. Vinatakiwa themanini, na pikipiki inabeba kumi na viwili.